Msisubiri maumivu yaishe ndipo muanze mazoezi ya taya

Wadogo zangu mnaoanza zamu katika wodi ya upasuaji wa kinywa na taya, naandika kwa sababu nimekutana tena na ile sentensi katika faili: "Mazoezi yaanze maumivu yakipungua." Haina tarehe, haina kipimo, haimtaji atakayesimamia. Kwa mgonjwa aliyetoka kufunguliwa kiungo cha taya kilichoganda, sentensi hiyo ni hatari.

1. Someni maelezo ya upasuaji kabla ya kupanga siku. Pengo lililokatwa kwenye mfupa na kuwekewa utando wa msuli wa panja linataka taya isogezwe mapema, siku chache za mwanzo, kwa maana kinachojaa humo hugeuka kovu, na kovu huweza kuwa mfupa tena. Aliyepandikizwa kipande cha ubavu na gegedu yake ni habari nyingine. Katika itifaki ya watoto ya daktari mpasuaji Kaban na wenzake ya mwaka 2009, huyo hufungwa meno ya juu na ya chini pamoja kwa siku 10 ndipo mazoezi yaanze, ilhali anayerefushwa mfupa polepole kwa kifaa huanza siku ileile ya upasuaji. Ugonjwa ni mmoja na tarehe ni mbili, kwa hiyo msinakili maelekezo ya kitanda cha jirani.

2. Andikeni kipimo cha kinywa kufunguka kilichopatikana mgonjwa akiwa bado usingizini. Tunataka angalau milimita 35 kati ya ncha za meno ya mbele, na kila kipimo cha wodini kilinganishwe na hicho, kwa meno yaleyale.

3. Huruma. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipokosea. Tulimfungua taya mtoto aliyeanguka mwembeni akaumia kidevu miaka mingi nyuma, akakua akila uji na vitu vilivyopondwa. Asubuhi iliyofuata mtaalamu wa fiziotherapia alipomkaribia, mtoto alilia kwa uchungu, mama yake akageukia ukuta, nami nikasema aachwe apumzike mpaka nyuzi zitolewe. Hakuna aliyenipinga, kwa kuwa sote tulitamani kusikia hivyo. Nyuzi zikatolewa, akaruhusiwa, kwao kukawa mbali, na mama, ambaye hakuwahi kutuona tukimfungua mwanawe kinywa kwa nguvu, naye hakuthubutu. Aliporudi kliniki, kidole changu hakikupita kati ya meno yake. Ilibidi apasuliwe upya, mahali palipojaa kovu, panapotoka damu kwa urahisi na penye neva ya uso karibu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kilio cha asubuhi ile kilikuwa na dawa: hatukumpa kitu chochote cha maumivu kabla ya zoezi. Tangu hapo mgonjwa wangu akilia, swali langu la kwanza ni saa aliyomeza dawa. Sijaahirisha tena zoezi kwa sababu ya kilio.

4. Dawa ya maumivu itangulie zoezi kwa nusu saa au zaidi.

5. Kifaa cha Heister, kile cha skrubu cha kupanulia kinywa, kikae kwenye magego, kwa sababu meno ya mbele hulegea.

6. Wale waliokakamaa mashavu kwa kutafuna popoo, ambao tunawaona sana Pwani, wana tarehe yao pia: kiraka cha shavuni lazima kishike kwanza, na daktari aliyekiweka ndiye anayesema lini. Ila popoo iachwe kabla ya kisu. Mzee mmoja alikuja kliniki na tambuu mfukoni, akiamini kwamba tumeshamponya. Nilikaa naye mchana mzima, kwa sababu popoo ni miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani.

7. Mazoezi huendelea kwa miezi, mara nyingi mwaka, na sehemu kubwa hufanyikia nyumbani. Basi msitie saini ya kuruhusu mtoto kuondoka kabla mama hajapanga vijiti bapa vya kukandamizia ulimi mbele yenu, akavipitisha kati ya meno ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na kuwaambia ni vingapi vilivyoingia leo na lini ataongeza kimoja.