Kuacha ajira ujitegemee kama fundi umeme: hela ya vifaa siyo yako

Mkuu, umesema una miaka minne kwenye kampuni ya kufunga umeme hapa Dar, umechoka kutumwa, unataka ujitegemee. Unauliza uanzie wapi, pesa uisimamie vipi, na kama ununue kigari cha mkopo. Mimi niliacha kazi 2019 nikiwa kwenye hali hiyohiyo, kwa hiyo nakupa yaliyonikuta.

Makaratasi nayamaliza haraka kwa sababu hayana maajabu. TIN ni bure TRA. Jina la biashara nilisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, nikalipa 20,000. Leseni ya biashara unachukua halmashauri. Kinachotuhusu sisi hasa ni leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji: fomu ya TANESCO lazima igongwe muhuri wa mkandarasi mwenye leseni, la sivyo mteja wako haungiwi umeme. Iombe ukiwa bado kazini, maana barua ya uzoefu ni rahisi kuipata mkiwa mnasalimiana vizuri na bosi. Mimi niliomba nimeshaondoka kwa kugombana, nikazungushwa miezi. Mwaka mzima wa kwanza ikabidi nimlete mwenye leseni akague kazi, agonge muhuri na nimlipe. Mambo ya CRB, bodi ya kusajili makandarasi, na tenda za serikali kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, yaache kwanza.

Sasa pesa. Kilichotaka kunizika hakikuwa kukosa kazi, kazi zilikuwepo. Ni advansi, hela anayotanguliza mteja.

Nilipata kazi ya nyumba Goba. Ijumaa jioni mteja akanitumia milioni 1.6 ya vifaa, ikaingia kwenye laini ileile ninayonunulia vocha na kulipia mboga. Jumamosi mwenye nyumba wangu akaja na habari ya kodi ya miezi sita, 900,000. Nikamlipa. Nikajiambia kuna mtu wa Mbezi ninayemdai, Jumatatu atanilipa nifukie. Jumatatu simu yake haipatikani. Nikaingia Kariakoo na hela pungufu, nikabeba kilichotosha. Wiki iliyofuata akatokea mteja wa Kibaha na advansi yake, nikanunulia waya wa Goba. Wa Kibaha nikamnunulia kwa hela ya wa Kigamboni. Unaona tulipokuwa tunaelekea?

Siku moja yule wa Goba akaja saiti bila taarifa. Akasimama mlangoni, akahesabu roli za waya kwa kidole. Kwenye orodha niliyompa zilikuwa nane, pale zilikuwepo tatu. Hakufoka. Akaniambia tu, "Fundi, na wewe?" Dada yangu ndiye aliyenikopesha nikamaliza ile nyumba, na mpaka leo yule mzee hajanipa kazi nyingine wala hajanitaja kwa mtu.

Tangu hapo nina laini mbili. Hela ya vifaa inaingia kwenye laini ya vifaa, na ile laini haijui mboga, kodi wala harusi. Nikinunua, risiti naipiga picha palepale kaunta na kumtumia mteja kabla sijapanda bodaboda. Chenji ikibaki namwambia imebaki kiasi gani. Siku hizi wateja wakubwa nawaambia walipe duka moja kwa moja kwa lipa namba, mimi nabeba mzigo tu. Nimepoteza kale kacha juu tunakoongeza kwenye bei ya vifaa, lakini nalala.

La pili ni bei. Ukitoka kazini utaona 8,000 kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi, ni hela nyingi. Piga hesabu ya nyumba ya pointi 60: 480,000. Mimi na saidia fundi tunamaliza siku tisa. Saidia fundi 15,000 kwa siku, ni 135,000. Nauli na kubeba vifaa 6,000 kwa siku, 54,000. Mwenye muhuri, 50,000. Inabaki 241,000. Ukigawa kwa tisa unaona kama 26,800 kwa siku na unafurahi. Umesahau siku uliyokwenda kupima na siku ya Kariakoo. Gawa kwa kumi na moja, unapata kama 21,900. Nilipokuwa nimeajiriwa nilikuwa nalipwa 550,000 kwa siku 26, yaani 21,000 na ushee kwa siku. Kwa hiyo nilikuwa nimeacha kazi nikajiajiri kwa mshahara uleule, tena bila NSSF ambayo mwajiri alikuwa ananiwekea nusu yake, na drili inakufa mikononi mwangu badala ya mikononi mwa kampuni. Hesabu hii niliifanya mwaka wa pili! Ifanye kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, na uweke humo siku zisizo na kazi. Januari watu wako kwenye ada. Masika saiti nyingi zinasimama, na wewe unakula kila siku.

Malipo yagawe kwa hatua za kazi, na uyaandike kabla hujagusa tindo. Mimi nachukua sehemu ya hela ya ufundi mabomba ya kupitishia waya yakishaingia ukutani, nyingine waya zikishapita, nyingine soketi na swichi zikishafungwa. Inayobaki nalipwa ndipo nagonga muhuri. Hiyo ya mwisho usilegeze. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilitoka 27,000 kwenda 320,960, na wateja waliokuwa wamejipanga kwa 27,000 walijua pa kupunguza: kwa fundi. Nyumba mbili sikulipwa mwisho mpaka leo, kwa sababu fomu zilikuwa zimeshagongwa muhuri na kutoka.

Ukianza kufanyia kampuni kazi utakutana na kodi ya zuio. Mara ya kwanza nilipeleka ankara ya ufundi ya milioni 2, ikaingia 1,900,000. Nilipanda daladala kwenda kugombana. Mhasibu akanieleza kwa upole kwamba wamekata asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina langu, na akanipa cheti chake. Vile vyeti vitunze kama cheti cha ndoa, vinapunguza kodi yako ukipeleka ritani, yaani hesabu za mwaka, TRA. Kodi yenyewe ya mapato unayokadiriwa inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mimi kila ninapolipwa hela ya ufundi natoa fungu la TRA siku hiyohiyo kabla sijalipa hata saidia fundi, kwa sababu mwisho wa Juni hauna huruma.

Mwisho, jilipe mshahara. Kila Jumamosi natoa 150,000 kwenye hela ya kazi, nampelekea mama watoto, basi. Wiki niliyoingiza laki nane ni 150,000, wiki niliyokaa kijiweni ni 150,000. Kinachozidi kinasubiri masika. Daftari langu ni kaunta buku ya kwaya mbili, kurasa za kushoto zilizoingia, za kulia zilizotoka, hakuna programu yoyote.

Kuhusu lile la kununua kigari cha mkopo ili uonekane mkandarasi, sijui nani kakushauri. Ngazi inafungwa juu ya bajaji. Niko saiti Kibamba mpaka Alhamisi, ukitaka nikuoneshe ninavyoandika makubaliano na mteja uliza, nitajibu usiku.