Choo cha boti ya matanga: kwa fundi anayeanza kazi Mikindani

Boti za matanga za wageni zinazotia nanga Mikindani, ghuba iliyo Mtwara kusini mwa Tanzania, nyingi zina choo cha pampu ya mkono, na hicho ndicho kinachosumbua mara kwa mara. Kabla hujagusa skrubu yoyote, funga koki zote mbili zilizo ubavuni mwa boti, ya kuvutia maji ya bahari na ya kutolea uchafu. Koki hizo ziko chini ya usawa wa bahari, na bomba la kutolea huwa na kipenyo cha ndani cha mm 38. Likichomoka koki ikiwa wazi, maji huingia kwa kasi na boti inaweza kuzama. Kaa na zibo la mbao laini linaloingia tundu hilo, maana koki isiyozungushwa muda mrefu huweza kukatika shingo.

Lakini upimaji kwa mpini wa pampu hutangulia, koki zikiwa bado wazi. Ukiwa mwepesi na maji hayaji, shida iko upande wa kuvuta: majani ya bahari yameziba tundu, au hewa inapenya kwenye klampu iliyolegea. Ukiwa mzito unapokandamiza, njia ya kutolea imebana. Maji machafu yakirudi bakulini yenyewe, valvu ya mpira yenye midomo miwili, iliyopo pampu inapokutana na bomba la kutolea, imechakaa au imekamata uchafu. Ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Midomo yake ielekee uchafu unakokwenda. Ukiigeuza, umeziba choo kwa mkono wako. Skrubu zake kaza taratibu, moja huku na nyingine upande wa pili, kwa kuwa pampu ni ya plastiki na hupasuka.

Kama boti ina tangi la majitaka, mpini mzito usikupeleke moja kwa moja kwenye bomba. Angalia kwanza tundu la kupumulia tangi, ambalo huzibwa na chumvi au nyigu wanaojenga kwa udongo. Hewa isipotoka, kila pigo la pampu linaongeza shinikizo ndani. Kwa hiyo usiinamie kifuniko cha tangi unapokifungua. Kilegeze pole pole, uso pembeni. Tundu lizibuliwe kutoka nje kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) ya bomba. Fungua madirisha yote na usifanye kazi hiyo peke yako: gesi yenye harufu ya mayai viza huua, na ikizidi pua huacha kuinusa.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni ukoko. Mkojo ukikutana na maji ya bahari, madini ya kalisiamu na magnesiamu hugandana kwenye kuta za bomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka nafasi ya mm 38 inabaki upana wa kidole. Hapo karatasi kidogo tu inatosha kuziba. Chanzo ni watu kupampu mara chache mno, mkojo ukabaki bombani. Mita moja ya bomba hilo inabeba takriban lita 1.1. Mimina lita 5 bakulini, pampu bila kuvuta maji ya bahari, hesabu mapigo hadi ziishe, kisha gawanya 5 kwa mapigo hayo upate ujazo wa pigo moja. Kama kila pigo linasukuma robo lita, bomba la mita 3 linahitaji mapigo 14 baada ya bakuli kuwa safi. Andika namba hiyo ukutani mwa choo; inasaidia kuliko dawa yoyote.

Ukoko mwembamba huyeyuka kwa siki: lita 1 bakulini, pampu polepole mpaka iingie bombani, iache usiku kucha. Rudia kila mwezi. Ukoko mnene usiutibu bombani. Chomoa bomba, lipeleke nchi kavu, likunje na kuligonga kwa nyundo ya mpira, vipande vitamwagika. Ncha zake zilainishe kwa maji ya moto kabla ya kurudisha, na kila ncha iliyo chini ya usawa wa bahari ipate klampu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Asidi ya betri isitumike, ingawa inapatikana kirahisi: ikikutana na kalisiamu hutengeneza jasi isiyoyeyuka vizuri. Waya wa chuma hutoboa bomba. Na siki au asidi yoyote isichanganywe kamwe na jiki, maana hutoka gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Uchafu unaotoka usimwagwe ghubani. Mikindani ina mlango mwembamba, na maji yakikupwa watu hutembea humo humo kutafuta kitoweo. Kanuni za kimataifa kwa meli kubwa zinataka majitaka ghafi yatupwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Boti ndogo hazibanwi nazo, lakini ni kipimo kizuri kumshauri nahodha. Kilichotoka kwa ndoo kiende chooni nchi kavu, pamoja na vipande vya ukoko.

Boti ikiachwa kusubiri msimu, suuza mfumo mzima kwa maji baridi hadi bomba lote libadilishe maji, kwani maji ya bahari yakilala humo huoza na kunuka. Kisha funga koki zote mbili na umwachie mwenye boti maandishi kwamba zimefungwa.