Kabla hujajenga dunia ya kompyuta ya kufundishia, soma hii kwanza

Walimu wenzangu na nyie madogo wa IT mnaoniulizaga "ticha tuanzie wapi", leo nijibu kwa pamoja. Nina klabu ya kompyuta hapa Moshi, watoto wa form one na two wanakuja jioni, tunatumia Luanti, ile iliyokuwa inaitwa Minetest, programu ya gemu za kuchimba na kujenga dunia kwa vitalu, maana ni ya bure, inakubali kwenye mashine za mtumba na mkiziunganisha kwa ruta moja hamhitaji bando kabisa.

Ushauri wangu mkubwa: usianze na majengo. Wengi wakipata hizi programu wanajenga darasa zuri, ubao, madawati, mabango ya maelezo kila kona, mtoto anatembea anasoma bango hili anaenda lile. Sasa hapo si ni yale yale ya kukopi ubaoni, ila tu kakopeshwa miguu? Jiulize kwanza, mtoto atafanya nini humu ndani ambacho kitamshinda asipolielewa somo?

Sisi tulichukua mfongo, ule mfereji wa Wachagga wa kuleta maji kihambani, yaani shamba la nyumbani. Nikaweka mlima, chanzo juu, na kila kundi lina migomba yake huko chini. Kwenye Luanti maji ukiyapitisha tambarare yanaishia baada ya vitalu vichache tu, lazima ushuke ngazi moja ndo yaendelee, na ukishuka haraka haraka mteremko unakuishia kabla hujafika shambani. Basi wakaanza kubonyeza kitufe cha F5, kinakuonyesha x, y na z za pale ulipo, y ndo kimo, na wanapiga hesabu ya mteremko wenyewe, wanagombana mpaka wanachora kwenye daftari, na hakuna aliyewaambia leo tunasoma mteremko! Baadae kundi la juu likaziba maji, kelele, kabinti kamoja kakasema kwao mfongo una mzee wake na watu wanapewa zamu. Wakapanga zamu.

Hii siyo akili yangu. Seymour Papert, mwanahisabati aliyefanya kazi na Piaget, yule mtafiti wa akili za watoto, kule Geneva kabla hajaenda chuo cha MIT Marekani, ndo alikuwa anasisitiza kwamba mtu anajenga uelewa vizuri zaidi akiwa anajenga kitu cha kuonekana, na lugha ya kompyuta ya Logo ya 1967 aliyoitengeneza na wenzake ililenga humo humo. Vygotsky naye, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, alisema kuna mambo mtoto anayaweza akiwa na mwenzake anayejua zaidi, kabla hajayaweza peke yake, kwa hiyo mimi sikubali mtoto acheze solo, hata kama mashine zinatosha.

Ila ninayempenda zaidi ni Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani. Huyu mama alikaa na mafundi cherehani kule Liberia, akaona mwanafunzi wa ushonaji haanzi na kukata kitambaa, anaanza na kupiga pasi na kumalizia nguo, mkasi unakuja mwisho kabisa, yaani akikosea mwanzoni haharibu nguo ya mteja na bado kazi yake ni ya kweli. Pita kwenye baraza lolote la mafundi hapa mjini utaona. Kwa hiyo mtoto mgeni kwenye klabu simpi mazoezi ya kujifanyisha, namtuma akazibe sehemu mfongo unapovuja, anazunguka mlima mzima huku anaona wakubwa wanavyopima.

Kingine, siku ya kwanza usifundishe kitu. Waache wachimbe, waanguke, wapotee, maana kichwa cha mtu kinabeba mambo machache kwa wakati mmoja (John Sweller, mtafiti wa elimu, kaliandika sana hili), sasa ukimpa vitufe vya kutembelea na hesabu kwa pamoja atashika kimoja tu, na sio hesabu.

Halafu folda ya dunia yenu ikopi kwenye flashi kila kabla ya kipindi, kuna mtoto lazima atagundua lava, ule uji wa moto wa volkano, awaunguzie kazi yenu.