Uliza Mwalimu: Chuma na alama mbili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumefundishwa kwamba usumaku huua usuperkondakta, yaani hali ya umeme kupita bila ukinzani wowote. Mbona nasoma kuna superkondakta za chuma, na kwamba jozi za elektroni humo ni za aina ya "s jumlisha-toa"? Alama mbili za nini?
Mwanafunzi, kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukudanganywa. Katika superkondakta za kale, kama zebaki ambayo Kamerlingh Onnes aliipoza hadi kelvini 4.2 huko Leiden mwaka 1911, elektroni hushikana mbili mbili, spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) moja juu, nyingine chini. Usumaku huzitenganisha. Ndiyo maana watu walishtuka mwaka 2008, Hideo Hosono na wenzake wa Tokyo walipotangaza kwamba mchanganyiko wa lanthani, chuma, aseniki na oksijeni, ukitiwa florini kidogo, hupoteza ukinzani wote kwenye kelvini 26. Mwaka huohuo Wachina wakaweka samari mahali pa lanthani, wakafika 55.

Sasa alama. Jozi ni wimbi, lina kilele (jumlisha) na bonde (toa). Katika zebaki jozi zote zina alama moja. Kwenye chuma elektroni zimegawanyika makundi kulingana na momentamu: "mashimo" (nafasi zilizokosa elektroni) katikati, elektroni pembeni. Igor Mazin na wenzake walipendekeza, pia 2008, kwamba kundi moja likiwa kileleni, jingine liko bondeni.

Utamu uko hapa. Mitikisiko ya usumaku hurusha elektroni kutoka kundi hili hadi lile, na nguvu yenyewe ni ya kusukumana. Utafungaje jozi kwa kusukumana? Alama igeuke njiani! Hasi mara hasi, chanya. Hesabu ya darasa la saba.

Ushahidi ninaoupenda ni wa Hanaguri na wenzake, Japani, 2010. Walichungulia fuwele ya chuma, seleni na teluri kwa ncha ya hadubini, wakawasha uga wa sumaku. Mtawanyiko wa elektroni kati ya alama zinazofanana ukaongezeka, kati ya zinazopingana ukafifia.

Ila usikariri jibu hilo kwa ukoo mzima. Utando wa chuma na seleni wenye tabaka moja, uliooteshwa juu ya stronti titaneti, hauna mashimo katikati. Kilele kipingane na bonde gani? Hata hivyo unashinda kwa mbali donge la kitu hichohicho, linaloishia kelvini 8 hivi. Hapo wataalamu wa s (wimbi la jozi lenye umbo lilelile pande zote) na wa d (wimbi linalogeuza alama kila robo ya mzunguko) bado wanavutana, na mimi sijahamia upande wowote.