Fidia ndogo ya nyumba ya District Six

Ndugu yangu, umeuliza kama bibi wa mke wako analazimika kupokea fidia ndogo aliyoandikiwa na serikali kwa nyumba yao ya District Six, Cape Town, Afrika Kusini, iliyobomolewa baada ya mtaa kutangazwa wa Wazungu pekee mwaka 1966. Halazimiki. Ile barua ni pendekezo tu. Asitie sahihi kwanza! Akishasaini, kulifungua tena suala ni kazi ngumu mno: mtatakiwa kuthibitisha mambo kama udanganyifu.

Sheria ya mwaka 1994 ya kurejesha haki za ardhi inataka fidia iwe ya haki. Ombeni kwa maandishi hesabu yenyewe: nyumba ilithaminiwa kiasi gani siku walipofukuzwa, walilipwa nini wakati ule, na fedha hizo zimepandishwaje hadi leo. Mkishindwa kuelewana, shauri linaweza kwenda Mahakama ya Ardhi.

Nisikufiche, katika kesi ya familia ya Florence, iliyodai fidia ya nyumba kama ninyi, mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ilikubali kupandisha fidia kwa mfumuko wa bei, si kwa bei ya nyumba sokoni leo. Kwangu hilo ni chungu, lakini ndiyo hali. Kwa hiyo pambaneni kwenye thamani ya wakati ule. Fungueni masanduku ya bibi: stakabadhi, barua ya kufukuzwa, hata picha ya harusi iliyopigwa barazani, inayoonyesha ukubwa wa nyumba. Na bibi asimulie vyumba kimoja kimoja, mwandike, kisha aape mbele ya kamishna wa viapo. Fanyeni hivyo wiki hii, angali anakumbuka vizuri.