Dada wa Kayole, usitie sahihi bado

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Umefanya kazi miaka 6 ya kupokea simu za wateja, Machi ukaumia nyonga na mguu kwenye gari lililokuwa likiwarudisha nyumbani baada ya shifti ya usiku, sasa unatembea kwa magongo, na wiki iliyopita umepewa barua kwamba nafasi yako imeondolewa. Pamoja na barua kuna karatasi ya kutia sahihi kabla ya Ijumaa. Unauliza pesa za serikali za watu wenye ulemavu zinaombwa wapi.

Nitafika huko. Lakini naanza na hiyo karatasi, kwa sababu hapa Kenya hakuna pesa ya kila mwezi kwa mtu aliyepoteza kazi, na anachodaiwa mwajiri wako mara nyingi ni kikubwa kuliko chochote utakachopata kwenye dirisha la serikali. Mimi niliijua hesabu hiyo nikiwa nimeshashika kalamu.

Nina ulemavu tangu utotoni. Polio. Mguu wa kushoto unavaa chuma. Nilikuwa karani wa stoo huko Industrial Area kwa miaka 11, na miaka yote hiyo stoo ilikuwa chini. Mwaka 2023 akaja meneja mpya, stoo ikahamishwa ghorofa ya pili. Vidato 38, lifti hakuna. Nilipanda kwa wiki tatu. Chuma kilinichubua juu ya goti, jioni nikivua soksi inatoka na ngozi. Nikaandika barua kuomba nikae meza ya chini, pale mizigo inapopokelewa. Nikaambiwa nisubiri. Siku nne baadaye nikaitwa ofisini.

Mezani kulikuwa na karatasi mbili na kalamu iliyokwisha kufunguliwa. Ya kwanza ilisema nafasi ya karani wa stoo imeondolewa. Ya pili ilisema nimepokea shilingi 58,000 na sina dai lingine lolote. Mshahara wangu ulikuwa 32,000. Mama wa ofisi alisema kwa upole, "Ukitia sahihi sasa hivi, hundi unaondoka nayo leo." Kodi ya nyumba ilikuwa imebakisha siku tano. Nilishika ile kalamu kabisa. Kilichonizuia ni miwani. Nilikuwa nimeiacha kule juu stoo, na kupanda tena vidato vyote vile kwa ajili ya kusoma mistari sita sikuweza. Nikasema nitaisoma nyumbani.

Getini soja aliniuliza kwa nini natoka mapema. Tulikuwa tumezoeana, nikamwonyesha. Akaniambia, "Mama, hii ipeleke leba kwanza. Usirudi hapa kabla ya kufika leba." Namwombea huyo mzee hadi leo.

Leba ni ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Ofisa wa leba alipiga hesabu nyuma ya barua yangu mwenyewe. Kazi ikiondolewa, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka ulipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Yaani nusu mshahara mara miaka 11: shilingi 176,000. Ongeza mwezi mmoja wa notisi, 32,000. Jumla 208,000, na hapo siku za likizo ambazo sikuchukua hazijahesabiwa. Hiyo ndiyo nilitaka kuiachia kwa 58,000.

Kisha akauliza maswali mawili. Barua ambayo mwajiri alitakiwa kuipelekea ofisi ya leba mwezi mmoja kabla ya kuondoa nafasi iko wapi? Haikuwepo. Na hiyo nafasi imeondolewa kweli? Nikamwambia kijana mwingine tayari anafanya kazi ile ile, kwenye stoo ile ile. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kama shida yao ni mguu wangu, walitakiwa kuniita, wanieleze kwa lugha ninayoielewa, nikiwa na mfanyakazi mwenzangu au mtu wa chama, na wanisikilize kabla ya kuamua. Na kwamba ulemavu peke yake si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Mahakama ya ajira inaweza kuamuru hadi mshahara wa miezi 12.

Sikwenda mahakamani. Mwajiri aliitwa leba, mara mbili hakutokea, mara ya tatu alikuja na wakili, tukaelewana 240,000 kwa awamu mbili. Kuna siku nafikiri ningeendelea na kesi. Lakini nilikuwa na watoto wawili shuleni na sikuwa na wa kunisaidia kungoja. Wewe uamue ukiwa umeketi na kushiba, si ukiwa mbele ya hundi. Muda wa kufungua kesi ya ajira ni miaka 3, kwa hiyo hiyo Ijumaa ni ya kwao, si ya sheria. Kwa miaka yako 6, siku 15 kila mwaka ni mishahara mitatu kamili, kabla ya notisi na likizo. Linganisha na walichoandika.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza kabisa, nami ndilo lililonifanya nikae niandike haya yote. Hilo gari lilikuwa la nani?

Kama ni matatu uliyopanda mwenyewe stejini ukalipa nauli, dai lako ni dhidi ya mwenye gari na bima yake, na hapo pia una miaka 3. Lakini umesema "gari linalotuchukua". Kama kampuni ndiyo iliyolitoa kuwapeleka na kuwarudisha wafanyakazi, safari hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya kazi chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu wanaita WIBA. Maana yake uliumia kazini. Mwajiri alitakiwa kuripoti ajali kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, daktari aandike ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi, na fidia itoke. Mtu aliyeumia kiasi cha kutoweza kazi tena kabisa anahesabiwa mapato ya miezi 96. Aliyeumia kwa kiasi anapata asilimia yake ya hizo. Chukua mfano wa mshahara wa 30,000 na asilimia 30: ni shilingi 864,000. Dai hili linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Uliumia Machi. Nenda wiki hii, na ubebe chochote kinachoonyesha gari lilikuwa la kampuni: ujumbe wa dereva kwenye simu, orodha ya zamu, majina ya wenzako mliokuwa nao. Hizo jumbe usizifute hata simu ikijaa. Wala usikubali neno lolote kwenye ile karatasi linalosema huna dai lingine, kwa sababu dai hili nalo litavutwa humo.

Haya, madirisha ya serikali.

Mlango wa yote ni tathmini ya ulemavu. Siku hizi ombi linaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu unakwenda hospitali ya serikali ya kiwango cha 4 au zaidi iliyoidhinishwa, unaonwa na jopo la wahudumu wa afya, na ripoti ikipitishwa ndipo unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Makao yao makuu yako Westlands, Waiyaki Way, ila huna haja ya kusafiri hadi huko. Maofisa wao wako katika kaunti zote. Mimi nilikuwa nimeishi na ulemavu zaidi ya miaka 30 bila kadi ya usajili huo, nikidhani mguu wangu unajieleza wenyewe. Haujielezi. Bila ripoti hiyo, kila ofisi inakurudisha.

Siku ya tathmini nilifanya kosa. Nilivaa vizuri, fimbo nikaiacha nyumbani, nikaingia nimenyooka. Tumezoea kuficha, wewe bado ni mgeni katika hali hii lakini utaona. Unajifunza kutabasamu ukipanda ngazi ili watu wasikuhurumie. Yule daktari wa mazoezi ya viungo alinipima mapaja kwa utepe, akaniuliza, "Unaweza kuchuchumaa?" Nikasema, "Najaribu." Akaweka kalamu karibu na karatasi akasema, "Mama, usijaribu. Niambie kama unaweza." Nikasema siwezi. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumtamkia mtu neno hilo. Kwa hiyo nenda na magongo yako, nenda na barua zote za hospitali na picha za eksrei, na ueleze siku yako ya kawaida ilivyo: unaogaje, unapandaje gari, unalala upande gani. Anaandika anachokiona na anachosikia.

Baada ya hapo, elewa kwamba kila dirisha lina swali lake, na jibu la dirisha moja linaweza kukufungia lingine.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara, wanauliza: hutaweza tena kufanya kazi yoyote, kwa kudumu? Hayo ndiyo malipo ya ulemavu kwao, na lazima daktari athibitishe. Mimi niliomba, nikanyimwa, na walikuwa sahihi. Naweza kufanya kazi, nilichoshindwa ni ngazi. Pesa yangu inangoja nifike miaka 50 nikiwa nimeacha ajira. Usisukumwe na shida ukaandika kwamba huwezi kazi kabisa, kisha kesho upeleke dai kwamba ulifutwa kazi ambayo ungeiweza. Lakini hata kama huombi, chukua taarifa ya michango yako. Ya kwangu ilikuwa na miezi saba mitupu ilhali kwenye slipu ya mshahara nilikatwa. Hiyo nayo nikaipeleka leba.

Inua Jamii ndiyo hiyo uliyosikia, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni ya kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mtu wa kumtunza muda wote, na uandikishaji unapitia kwa chifu na ofisa wa maendeleo ya jamii. Nilikwenda kambi ya chifu Huruma na fomu mkononi. Kwenye benchi alikaa mama mwenye kijana wa miaka kama 19, amemfunga kwa leso mbili asianguke, anamlisha uji kwa kijiko huku akimfuta kidevu. Nilisubiri hadi wakaitwa, nikampisha mlangoni, nikarudi nyumbani. Kwa ulivyojieleza, si dirisha lako pia.

Lako ni Mfuko wa Kitaifa wa Maendeleo kwa Watu Wenye Ulemavu, chini ya Baraza. Hautoi mshahara. Unatoa vifaa vya kukusaidia mwilini, yaani magongo, viti vya magurudumu, vyuma, na pia vifaa vya kazi kwa aliye na ujuzi. Mimi nilipata cherehani na mashine ya ovalok ya kushona kingo za nguo baada ya miezi tisa ya kufuatilia. Miezi tisa ni mirefu, kwa hiyo ombi lipeleke mara tu kadi inapotoka, na uandike kazi unayoijua kweli.

Na kadi ikikufikia kabla hujalipwa na mwajiri, omba msamaha wa kodi ya mapato kwa KRA, mamlaka ya kodi. Mtu mwenye ulemavu aliyepewa cheti hatozwi kodi kwa mapato hadi 150,000 kwa mwezi. Ukipata kazi nyingine, utaanza nayo mfukoni. SHA, bima ya afya ya serikali, nayo ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara, sasa ni juu yako kujilipia. Usiiache ikatike, utahitaji kliniki ya mguu.

Kuhusu kesho: piga picha kila ukurasa wa hizo karatasi. Waandikie barua pepe, mistari miwili tu, kwamba umepokea barua na unatafuta ushauri kabla ya kutia sahihi. Omba cheti cha utumishi, hicho ni haki yako hata mkigombana. Halafu chukua gari la saa moja asubuhi uende leba; foleni ni ndefu na benchi ni chache, lakini ukiwa na magongo mwambie askari wa mlangoni, atakutafutia mahali. Ukishajua hilo gari lilikuwa la nani, niandikie hapa hapa.