Kwa afisa ugani mpya: siku zako za kwanza kijijini Dodoma

Ukifika na barua yako ya kupangiwa kazi, pitia kwanza ofisi ya kijiji. Mtendaji atakusainisha kitabu cha wageni, lakini usiishie hapo. Mwombe akufikishe kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa wenyeviti wa vitongoji, nyumbani kwao. Mtendaji ni mwajiriwa kama wewe, kesho anaweza kuhamishwa. Mwenyekiti wa kitongoji amechaguliwa na majirani zake, na yeye ndiye anayejua nani hasalimiani na nani.

Salamu isikimbizwe. Ukisema "Mbukwenyi" halafu ukarukia mbegu, umeharibu. Uliza watoto, mifugo, mvua, na usubiri majibu, simu ikiwa mfukoni. Ukiletewa ugali wa uwele na mlenda, nawa ule, hata matonge 3.

Wageni wengi hukwama kwenye kuberega. Mkulima huparua udongo juu juu kwa jembe na kupanda bila kulima, nawe unafika na kusema "acheni". Hoja unayo: maji hayazami, mizizi inabaki juu. Na yeye anayo: mvua za huku ni msimu mmoja, zinaanza mnamo Desemba, na nguvukazi nyumbani ni watu wawili. Akisubiri amalize kulima ekari 3, mvua za kwanza zimempita. Kwa hiyo ziara ya kwanza usishauri chochote. Muulize: "Mwaka jana mlianza kupanda lini? Mbona mlianzia kona ile?" Yaandike majibu akiona.

Ziara ya pili, omba kipande cha hatua 10 kwa 10 ndani ya shamba lake. Usimchague mwenye trekta. Akivuna vizuri, majirani watasema ni trekta. Limeni kipande hicho, mpande mtama sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shimo hadi shimo, kamba ashike mwenyewe. Mbegu iwe ileile aliyopanda kwingine, la sivyo sifa itakwenda kwa mbegu.

Akina mama ndio wapaliliaji wakubwa, ila mkutanoni mbele ya wazee wengi hunyamaza. Wafuate shambani asubuhi.

Usiahidi mbolea ambayo haijafika. Sema, "Nitauliza, Ijumaa nitakupigia," na Ijumaa upige hata kama jibu ni hapana.

Siku ya mavuno, mwenye shamba ndiye apime debe na awaeleze wenzake. Wewe kaa upande wa wasikilizaji.